Dizzy Gillespie na bendi yake kubwa: mkusanyo wa RCA Victor, nini cha kusikiliza na nini cha kuruka

The Complete RCA Victor Recordings ni CD mbili zilizotolewa mwaka 1995 chini ya nembo ya Bluebird. Zinakusanya kazi za Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, zilizorekodiwa na kampuni ya RCA Victor kati ya 1937 na 1949, nyingi zikiwa za bendi yake kubwa. Thamani yake iko kwenye nyimbo 12 za mwaka 1947. Zilizobaki ni nyongeza: nyingine tamu, nyingine utaziruka ukishazisikia mara moja.

Anza na Manteca, ya tarehe 30 Desemba 1947, na usiisikilizie kwenye spika ya simu. Inafunguliwa na besi ya Al McKibbon na tumba ya Chano Pozo zikizunguka kwenye kipande kimoja kifupi, na spika ndogo inaimeza besi yote ukabaki na kelele za kiganja tu. Vaa hedifoni uone jengo linavyopanda: saksafoni ya baritoni inaingia na kipande chake, tromboni na chao, tarumbeta na chao, hakuna anayemwachia mwenzake nafasi, halafu Gillespie anapasua juu ya wote. Aliyezoea muziki wa dansi hatahitaji kuelezwa hapa. Ni kazi ileile ya kupandanisha vipande vifupi, ila imepewa wapulizaji wengi.

Vipande hivyo vya mzunguko ni vya Pozo, Mkuba aliyefika New York mwaka huohuo. Gillespie aliona wimbo ungebaki umesimama palepale, akautungia sehemu ya kati yenye vipimo 16 vya mapigo na mfululizo wa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za jazi. Gil Fuller akaupanga kwa ajili ya bendi nzima. Mshono unasikika. Big Nick Nicholas anapoingia na saksafoni ya tena (na kuchomeka kidogo wimbo wa Blue Moon, mchokozi huyo), mpiga ngoma Kenny Clarke anahamia kwenye swingi, mdundo wa jazi wa kubembea, na tumba inabaki ikitafuta pa kukaa. Si laini, na miaka iliyofuata wengine waliufanya ulaini huo vizuri zaidi. Lakini hamna rekodi nyingine ya studio inayokuonyesha mitindo hii miwili ikigombania kiti kimoja namna hii.

Cubana Be na Cubana Bop zilirekodiwa siku nane kabla. Ni kazi moja iliyokatwa vipande viwili kwa sababu upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua takriban dakika tatu tu. Zisikilize mfululizo, kwa mpangilio huo. George Russell ndiye aliyeandika mwanzo wake wenye kodi nzito zisizotulia. Kwenye sehemu ya pili Pozo anaimba, bendi inamwitikia. Ukikuta mkusanyo mwingine umezitenganisha au umeweka moja tu, achana nao, aliyeupanga hakujua anachopanga.

Haraka ya Desemba ile ilikuwa na sababu. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilisimamisha kurekodi kuanzia 1 Januari 1948, na marufuku haikuondolewa hadi katikati ya Desemba. Pozo aliuawa Harlem tarehe 2 Desemba 1948. Kwa hiyo alichofanya studio na bendi hii kwa RCA ni vikao viwili tu vya mwisho wa 1947, nyimbo nane basi. Kinachoziba pengo la 1948 ni rekodi za jukwaani: Salle Pleyel mjini Paris mwezi Februari, na Pasadena mwezi Julai. Sauti ya rekodi hizo ni chafu zaidi, lakini bendi imechangamka mno.

Kikao cha Agosti 1947 hakina tumba, na watu hukidharau bure. Two Bass Hit peke yake inatosha: Ray Brown kwenye besi, John Lewis kwenye piano, Milt Jackson kwenye vaibrafoni. Hapo unasikia chembe za Modern Jazz Quartet, kundi la jazi la Lewis na Jackson, miaka kadhaa kabla haijapata jina. Oop-Pop-A-Da ni ya kufurahisha kwa mizaha yake ya sauti, basi.

Za mwanzo kabisa zina faida ya kumbukumbu. King Porter Stomp ya 1937, akiwa na bendi ya Teddy Hill, inamwonyesha kijana wa miaka 19 anayemwiga mpiga tarumbeta Roy Eldridge bila kuficha. Hot Mallets ya 1939 ni ya Lionel Hampton, na tarumbeta ya Gillespie iliyozibwa mdomo inapita haraka. Usinunue CD kwa ajili ya sehemu hiyo. Overtime ya Januari 1949 inawakutanisha wapiga tarumbeta watatu, Gillespie, Miles Davis na Fats Navarro, na kuwatenganisha kwa sikio kunahitaji mazoezi, maana wadogo wawili walikuwa wamemsoma mkubwa vizuri mno.

Nyimbo za 1949 ndipo mkusanyo unapolegea. Kampuni ilitaka mauzo. Mwimbaji Johnny Hartman ana sauti nzuri, ila bendi iliyopiga Manteca inageuzwa kuwa mto wa kulalia. Jumpin' with Symphony Sid ibakize.

Kasoro kubwa haimo ndani ya CD, imo kwenye jina: "complete" ni ya RCA tu. Bendi hii ilianza kurekodi 1946 kwa kampuni ya Musicraft, na huko ndiko kuliko Our Delight, Ray's Idea, Emanon na Things to Come. Hii ya mwisho ina mwendo wa kasi mno, na sauti imesongamana kiasi kwamba tarumbeta zinakuwa ukuta mmoja. Usimlaumu fundi wa CD. Ukungu umo kwenye chanzo. Nyingi ya hizo zimo kwenye mkusanyo wa Savoy uitwao Groovin' High. Ukiweza, chukua vyote viwili.

Kuhusu matoleo ya bei rahisi: Ulaya hakimiliki ya rekodi hizi ilikwisha baada ya miaka 50, na nyongeza ya muda ya 2013 haikuzirudisha. Marekani nyimbo za 1947 bado zina mwenyewe hadi mwishoni mwa miaka ya 2050. Ndiyo maana Ulaya imejaa mikusanyo isiyotaja tarehe wala wapigaji. Jihadhari na mambo matatu. Manteca ikizidi sana dakika tatu, ni ya jukwaani au ya baadaye, mara nyingi ya 1954. Matoazi ya Clarke yakisikika kama yamefunikwa blanketi, aliyesafisha mikwaruzo amekata na sauti za juu. Na jaribu kasi: wimbo uko kwenye Bb (B flat), kwa hiyo gusa noti hiyo kwenye kinanda besi inapoanza. Isipokaa sawa, santuri ilinakiliwa kwa mwendo usio wake.