VMCC wamenithibitishia pikipiki yangu ya BSA M20, nyota tano

Wenye pikipiki za enzi za mkoloni zilizolala mabandani, tafadhali tumieni hii huduma ya VMCC ya kuhakiki namba kabla hamjauza wala hamjanunua. VMCC (Vintage Motor Cycle Club) ni klabu ya pikipiki za kale ya Uingereza ipo toka 1946, makao yao Burton upon Trent, na wametunza vitabu vya kiwandani vya BSA, kampuni ya Uingereza iliyokuwa inatengeneza pikipiki, vile karani alivyokuwa anaandika kila pikipiki inapotoka, namba gani, lini, imeenda wapi. Ada ipo, na kwa kazi wanayofanya ni halali yao kabisa.

Mimi nina M20, ile 496 cc ya jeshi. Namba ya injini iko kushoto chini ya silinda, ya fremu iko shingoni, rangi ilikuwa imejaa mule mpaka tarakimu hazisomeki, nikaweka karatasi juu nikasugua na penseli zikatokea zote, nikapiga picha nikatuma. Jibu likaja: fremu ya 1942, oda ya jeshi, ilipelekwa depo ya jeshi ya Chilwell, Uingereza. Injini nayo ni WM20 ya vita. Aisee nilifurahi sana!

Sasa sikilizeni hapa, maana watu wanaibiwa. Kuna dalali aliniambia yangu ni ya kuungaunga eti kwa sababu namba ya injini na ya fremu hazifanani, akataka anipe bei ya chuma chakavu. BSA za miaka hiyo hazikuwa zinafanana toka kiwandani! Ukikuta M20 namba zake zinalingana mpaka tarakimu ya mwisho ndo uogope, angalia kama pamepita grainda. Na kama namba inaanza na KM20 hiyo ni ya 1939, asikwambie ni ya 1944.

Ila cheti wanachokupa VMCC kinathibitisha kilichoandikwa kitabuni tu, tenki na kabureta ya Amal utakagua mwenyewe. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Malaya, raba ikawa adimu, kwa hiyo M20 za baada ya hapo zikawa zinatoka na vishikio vya turubai na vikanyagio vya chuma kitupu. Shokapu za mbele za mafuta nazo zilikuja baada ya vita, kwahiyo ya 1943 yenye hizo ujue zimefungwa baadae.

Na jamani rangi kwenye namba toeni kwa thina na kitambaa, msipige msasa.