Lamu hadi Shela kwa miguu: siku ya kupangwa kwa maji

Matembezi ya kutoka Lamu mjini hadi kijiji cha Shela, pamoja na ufuo mrefu unaofuata, nayapa nyota zote tano kwa sharti moja: uyapange kwa maji kujaa na kupwa. Ukitoka tu kwa sababu umeshakunywa chai, unaweza kukuta njia iko chini ya maji.

Umbali ni kama kilomita 3, dakika 40 hadi 50 kwa mwendo wa kawaida. Unashika njia ya pwani kuelekea kusini, bahari mkono wa kushoto, kisiwa cha Manda ng'ambo ya mkondo. Mjini unapishana na punda na mikokoteni, ukisikia "simile!" nyuma yako, bana ukutani upesi, maana punda mwenye shehena ya matofali hasimami. Mbele njia inaharibika, unakanyaga mawe na mchanga. Maji yakijaa sana, sehemu hizo hufunikwa na inabidi upite njia ya ndani, ambayo haina upepo wala mandhari. Maji yakianza kutoka, mawe hubaki na utelezi wa mwani. Viatu vya kamba vinavyoshika kisigino vinafaa, ndara huchomoka.

Hesabu ya maji ni rahisi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa sana: hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku ninazozipendekeza. Toka saa mbili, utafika Shela njia ikiwa kavu na ufuo ukiwa mpana. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi utayakuta yamejaa, ila hayapandi sana.

Shela yenyewe ipewe muda. Vichochoro vyake ni vya mchanga, kimya, na msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 una mnara mweupe, mnene chini na mwembamba juu, ambao hutauona mwingine kama huo mjini Lamu. Usipite kijijini na nguo za kuogelea. Leso moja begani inatosha kukusitiri. Mwezi wa Ramadhani usitegemee kupata chakula mchana.

Baada ya kijiji ndipo penye utamu wa siku nzima: ufuo wa kilomita 12 hivi unaokwenda kusini-magharibi hadi upande wa Kipungani. Hakuna duka, hakuna kivuli. Chukua lita 2 za maji kwa kila mtu, kofia, na mwenzako. Peke yako usiende mbali na nyumba. Tembea kwenye mchanga uliolowa, mgumu, hatua chache juu ya mawimbi, kwa sababu ule mkavu wa juu unazamisha mguu na kukuchosha maradufu. Upepo nao uhesabu. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unakupiga usoni ukienda na kukusukuma ukirudi. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni kinyume chake: unakwenda kwa raha, unajiona una nguvu, kisha kurudi kunakuwa kazi. Kwa hiyo wakati wa kaskazi geuka mapema, hata kama hujachoka.

Kuoga baharini, kaa mbali na kona ya kijiji ambako mkondo wa Manda unatokea. Maji yakipwa huvuta kwa nguvu kuelekea nje. Kusi huleta mawimbi makubwa zaidi. Kaskazi bahari hutulia.

Jambo moja linaniuma: watu kupanda vilima vya mchanga na kuvunja mimea iliyoota juu yake. Vilima hivyo ndivyo vinavyochuja maji ya mvua yanayoingia visimani, na mji wa Lamu unakunywa humo. Pita chini, ufuoni.

Siku ya bamvua usirudi kwa miguu alasiri, njia itakuwa imejaa maji. Panda boti ya abiria wengi, ambayo nauli yake ni ndogo kuliko ya kukodi peke yako kwa mbali sana. Ukilazimika kukodi, patana bei kabla hujapanda, na uulize kama ni ya boti nzima au ya kila kichwa. Fika bandarini kabla ya magharibi. Giza likiingia abiria hupungua, na nahodha hatangoja ijae kwa bei ile ile.