Mass Effect ilinipa ulimi, kisha ikaukata penye neno

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri zipoe. Juzijuzi nimemaliza gemu zote tatu za Mass Effect kwenye lile toleo la pamoja la 2021, Legendary Edition. Kama unataka kujua picha zimeng'arishwa kiasi gani au linakula nafasi kiasi gani, hayo yameandikwa kila mahali. Mimi nina jambo moja tu, na liko kwenye dakika za mwisho kabisa za gemu ya tatu. Nitausimulia mwisho wote, kwa hiyo asiyetaka kujua aishie hapa.

Bunduki zimo tele, lakini roho ya gemu hii ni maneno. Unakuwa Kamanda Shepard, mwanajeshi anayezunguka galaksi, wa kiume au wa kike. Chagueni wa kike, maana Jennifer Hale ana sauti inayobeba ukali na huruma kwa pumzi moja. Kila unayekutana naye unazungumza naye kwa kuchagua jibu, na majibu yana uzito. Katika gemu ya kwanza, ya 2007, mnafika mahali panaitwa Virmire, na Wrex, mzee wa vita wa taifa la viumbe waitwao krogan, anakugeuka na bunduki mkononi kwa sababu unataka kulipua maabara yenye tiba ya ugonjwa unaowazuia watu wake kuzaa. Ukijua kusema naye, anaishusha. Usipojua, anaweza kufa palepale, na ukifika gemu ya tatu, ya 2012, unakuta kiti chake kimekaliwa na mwingine mwenye kiu ya kisasi. Halafu kuna Saren, adui mkuu wa gemu hiyo ya kwanza. Unaweza kumsemesha mpaka akajipiga risasi mwenyewe kuliko kuendelea kuwatumikia Reaper, mashine kubwa zinazoangamiza mataifa ya galaksi. Adui mkuu, kwa maneno matupu! Sijacheza gemu nyingine inayoyaheshimu mazungumzo namna hii.

Sasa sikilizeni habari za Rannoch.

Quarian, viumbe wenye asili ya sayari hiyo, waliunda maroboti, geth, ili wawafanyie kazi. Siku moja geth wakaanza kuuliza kama na wao wana roho. Waumbaji wakaingiwa na hofu, wakataka kuwazima, vita ikalipuka, na quarian ndio walioshindwa. Tangu hapo wanaishi ndani ya meli angani, karibu miaka 300, wamefungwa ndani ya mavazi na barakoa kwa sababu miili yao imepoteza kinga. Tali, binti fundi anayesafiri na wewe tangu gemu ya kwanza, amezaliwa huko huko. Sayari ya kwao anaijua kwa kusimuliwa.

Nimekulia Kasulu, mkoani Kigoma, si mbali na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kupokea Wakongo waliokimbia vita. Nimewasikia watoto waliozaliwa kambini wakitaja milima na mito ya kwao ambayo hawajawahi kukanyaga, na wakiitaja kwa uhakika kabisa. Kwa hiyo Tali alipokuwa akisema habari za nyumba atakayoijenga Rannoch, kwangu hakuwa kiumbe wa kubuni.

Na unaweza kuwapatanisha na geth. Si rahisi, kwani yote uliyofanya huko nyuma yanahesabiwa: ulimtetea vipi Tali kwenye kesi yake, ulimwokoa nani vitani, Legion, yule geth aliyejiunga na kikosi chako, yuko hai au la. Ukishindwa, unachagua taifa moja lifutike, na ukiwachagua geth, Tali anajitupa gengeni mbele ya macho yako. Ukifanikiwa, Legion, roboti aliyezoea kujiita "sisi", anasema "mimi", kisha anatoa uhai wake ili wenzake wawe na nafsi kamili. Lile swali la kale la roho, Tali mwenyewe ndiye anayemjibu, kwamba ndiyo. Baadaye Tali anavua barakoa na kuvuta hewa ya kwao. Geth wanaingia kwenye mavazi ya quarian kuwasaidia miili yao ipate kinga upya. Yaani waliokuwa wakiuana juzi, leo mmoja anamponya mwenzake! Nililia. Mdogo wangu aliyekuwa anaangalia pembeni naye alilia, na ni kijana asiyelia ovyo.

Basi tukafika mwisho. Shepard amejeruhiwa, yuko juu ya Citadel, kituo kikubwa cha angani, na mbele yake kuna akili mnemba iliyovaa sura ya mtoto. Hiyo ndiyo inayowatuma Reaper kila baada ya miaka 50,000 kuvuna mataifa yote yaliyoendelea. Sababu yake? Eti kilichoumbwa ni lazima kimwasi aliyekiumba, kwa hiyo viumbe na maroboti hawawezi kukaa pamoja, lazima watamalizana.

Mdogo wangu akasimama. "Dada, si umwambie kina Tali na geth wameshapatana?"

Nikaangalia majibu niliyopewa. Hakuna. Hakuna hata moja linaloitaja Rannoch. Shepard anauliza viswali, anaguna, anakubali kuelekezwa. Dakika chache tu kabla ya hapo, mdomo huohuo umemsemesha Illusive Man, mkuu wa kundi la maadui liitwalo Cerberus, mpaka naye akajiua kama Saren. Sasa amesimama mbele ya yule anayehukumu galaksi nzima, ushahidi anao, meli za quarian na za geth ziko nje ya dirisha zinapigana bega kwa bega, na gemu haimpi neno! "Dada, mbona humwambii?" Nikamjibu sina pa kubonyeza.

Badala ya neno unapewa njia tatu. Nyekundu inaangamiza Reaper, pamoja na geth wote na EDI, akili ya meli yako mwenyewe, aliyekuwa rafiki. Bluu inakufanya uwatawale Reaper. Kijani inachanganya kila kiumbe na mashine bila yeyote kuulizwa kama anataka. Zote tatu zinaanza kwa kukubali kwamba yule mtoto amesema kweli, na mimi nimetoka kumwona akisutwa na matendo.

Si mimi wa kwanza kukasirika. Mwaka 2012 mashabiki walituma vikeki takriban 400 kwenye studio iliyotengeneza gemu, kule Edmonton, Canada, vyenye krimu nyekundu, bluu na kijani juu, na ndani ladha ileile ya vanila. Juni mwaka huo ikatoka nyongeza ya bure, Extended Cut, ambayo imo kwenye toleo hili. Imeongeza maelezo na maswali, na imeongeza njia ya nne, ya kukataa.

Nikakataa. Hotuba anayoitoa Shepard pale ni ya mtu mzima aliye huru, na kwa muda mfupi nikadhani wamenirudishia ulimi wangu. Malipo yake? Wote wanakufa. Tali, Wrex, Garrus, Dunia, kila mtu, na ushindi wanaachiwa watakaokuja baada yetu. Hiyo naiita adhabu ya kubisha.

Nikishafika hapo kila kasoro inanichoma. Jarida la kazi kwenye gemu ya tatu halikwambii umeshafikia wapi. Kwenye sayari ya Thessia unamzidi Kai Leng, muuaji wa Cerberus, kwa mikono yako, halafu video inaingia kukuonyesha umeshindwa. Kuchimbua madini sayari moja baada ya nyingine kwenye gemu ya pili kunachosha mpaka vidole vinauma. Toleo la 2012 lilikuwa baya zaidi: kipimo cha maandalizi ya vita ya mwisho kilianzia nusu, na namna kuu ya kukipandisha ilikuwa kucheza mtandaoni na wengine, kitu ambacho kwa bando na mtandao wa huku kwetu kingekuwa dhuluma tupu. Hilo wameliondoa, na ninashukuru kwa dhati.

Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema msinunue. Lakini nikimkumbuka Mordin, mwanasayansi aliyesaidia kuwazuia krogan wasizae, akipanda ule mnara wa Tuchanka, sayari yao, kutengua alichowafanyia, nikijua kabisa hatashuka, nashindwa. Misheni ya mwisho ya gemu ya pili, ambayo yeyote kikosini anaweza kufa kwa uamuzi wako, mikono ilinitetemeka. Na ile nyongeza ya Citadel, ambapo wote waliobaki hai wanakuja kwako kwa sherehe, wanataniana na kulala kwenye makochi, ni furaha ambayo gemu chache zimewahi kunipa. Ifanyeni kabla ya kuvamia makao ya Cerberus, maana baada ya hapo hakuna kurudi.

Kwa hiyo nunueni, subirini tu bei ishuke, huwa inashuka sana. Nyota sitoi. Ningetoa leo ningempa Rannoch tano na ule mwisho sifuri, na sijui hesabu hiyo inagawanywaje. Nimeshaambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba Extended Cut ilirekebisha kila kitu. Mwenye hoja hiyo anionyeshe ni wapi Shepard anamwambia yule mtoto habari za Tali na Legion. Nimetafuta kila jibu lililopo, sijaliona.