Albamu nne ninazozirudia, na moja yao iliyomfanya mama aache mchicha

Nianze na iliyonigusa kuliko zote. "Maisha" ya The Zawose Queens ilitoka 2024 chini ya Real World Records, na tangu niipate haipiti wiki sijaisikiliza. Queens wenyewe ni Pendo na Leah: Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo, Leah ni mjukuu wake. Enzi za mzee, wanawake wa familia ile waliitikia na kupiga ngoma, huku wanaume wakiwa mbele. Humu wao ndio wenye wimbo, na ukisikiliza unajua walikuwa nao kifuani siku nyingi.

Jumapili moja niliifungulia jikoni kwenye spika ndogo, mama anachambua mchicha. Mama ni Mgogo wa Kongwa, yuko Dar miaka zaidi ya thelathini. Wimbo wa pili haujafika katikati, akaweka mchicha chini, akaitikia. Maneno hakuyatamka, alishika tu ile sauti nyembamba inayopanda juu ya wenzake na kubaki hukohuko. Sijawahi kumsikia mama akitoa sauti ile.

"Kumbe unajua, mama?"

"Nisijue nina nini? Sisi tulikuwa tunapiga muheme, ngoma umeibana magotini. Hebu rudisha mwanzo."

Vionjo vya kielektroniki walivyotia humo vilinitia wasiwasi mwanzoni. Sasa naona vimepimwa vizuri: marimba na zeze bado vinasikika kila kimoja mahali pake.

Ukitoka hapo ukaingia "Singeli Ya Maajabu" ya Sisso na Maiko, jiandae. Nayo ni ya 2024, imetolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lakini singeli ni muziki wa uswahilini Dar, wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, na kinanda cha Maiko kinakimbizana nayo bila kuchoka. Kwa simu hutaielewa, tafuta spika yenye besi. Mimi husikiliza nyimbo tatu kisha napumzika, ila siku ya kufua nguo naiacha iende yote.

"Siti of Unguja" ya Siti Muharam ni ya 2020, na bado sijaizoea, kwa maana nzuri. Huyu ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Humu kuna "Kijiti", wimbo wa huyo Siti binti Saad kuhusu mwanamke aliyeuawa Unguja na muuaji akavuka zake Mrima, pwani ya bara. Siti Muharam anauimba taratibu, bila kulia wala kupaza sauti, na ndiyo maana unauma. Usiusikilize huku unafanya kazi nyingine.

Ya Bien wa Sauti Sol, lile kundi la Kenya, "Alusa Why Are You Topless?" ya 2023, ni ya safarini. Sauti yake ni tamu kama siku zote. Nyimbo 16 kwangu ni nyingi, ningepunguza nne.

Kama bando lako linatosha albamu moja tu, chukua "Maisha". Mama nimemwekea kwenye simu yake. Anaifungua akianza kupika, na ile sauti ya juu siku hizi anaitangulia kabla Pendo hajaifikia.