Tara wa Kijani kutoka Patan: tazama vidole kabla ya dhahabu

Karibuni, watazamaji. Mezani leo tuna Tara wa Kijani, mungu wa kike wa dini ya Buddha: sanamu ya shaba nyekundu iliyopakwa dhahabu, kimo sentimita 20 hivi, kazi ya mafundi Wanewari wa Patan, Nepal. Dhahabu iacheni kwanza. Tazameni vidole.

Mkono wa kulia umeshuka gotini, kiganja kimetuelekea: anatoa. Wa kushoto uko kifuani, gumba limegusana na kidole cha pete, na vitatu vilivyosimama ni Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya wafuasi. Hapo ndipo linapopita shina la yungiyungi la buluu. Vidole vikiwa vinene kama vijiti, ishara yote imekufa, hata dhahabu iwe nyingi vipi. Hivi vyembamba, kucha zinaonekana. Safi.

Mguu wa kushoto umekunjwa, anatafakari. Wa kulia umekanyaga ua dogo, yaani yuko tayari kuinuka kumsaidia amwitaye. Ukiuziwa Tara aliyekunja miguu yote miwili, mwenye macho hadi viganjani na kwenye nyayo, huyo ni Tara Mweupe. Ana macho saba, yahesabu.

Sasa mgeuze, maana mgongo hausemi uongo. Umbo huchongwa kwa nta ya nyuki iliyotiwa utomvu, likafunikwa udongo laini tabaka kwa tabaka, kisha udongo wenye pumba za mpunga. Tabaka lisipokauka, unyevu hugeuka mvuke na kalibu hupasuka, au shaba hutoka na matundu. Nta huyeyushwa itoke, shaba humiminwa (huyeyuka kwenye nyuzi 1085), na kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna pacha kamili. Hivi viraka viwili vya mraba hapa mgongoni ni matundu yaliyozibwa. Si kasoro, vimesawazishwa vizuri. Kasoro ni pale ukucha wako unapokwama kwenye ukingo wa kiraka.

Haya, dhahabu. Kwa njia ya kale huchanganywa na zebaki, ikapakwa kama rojo, kisha moto huifukuza zebaki na dhahabu ikabaki. Husuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Zebaki ikibaki, rangi hupauka. Hii ina rangi nzito, na ndani ya mikunjo imefifia kidogo, dalili ya mkono na moto. Iliyopakwa kwa umeme mara nyingi ni nyembamba, inang'aa sawasawa kila mahali. Ila mvuke wa zebaki ni sumu ya neva, na fundi ndiye anayeuvuta. Karakana isiyo na bomba la kutoa hewa, mimi singeipa pesa yangu.

Uso una dhahabu ya unga na gundi, haung'ai, na macho yamechorwa kwa brashi. Usiufute kwa kitambaa kibichi, utaondoka nao. Brashi laini kavu inatosha. Limau, siki na dawa za kung'arisha shaba, marufuku.

Chini kuna bamba la shaba lililochorwa vajra (alama ya Kibuddha ya radi) mbili zilizokatizana. Likiwa limefungwa, ndani huenda mna mantra, yaani maneno matakatifu, zilizowekwa wakati wa kuibariki. Usilibandue. Na kabla ya kutoka Nepal omba cheti cha Idara ya Akiolojia kwamba kazi ni mpya, kwani vitu vya zaidi ya miaka 100 haviruhusiwi kuvuka mpaka.