TAHADHARI: Vishoka wa SAM.gov na "maandiko ya uhakika" ya SBIR

Tahadhari hii ni kwa Waswahili wenye kampuni ndogo Marekani, hasa za droni, vihisi, betri na programu, wanaotafuta fedha za utafiti za Wizara ya Ulinzi kupitia SBIR na STTR, yaani programu za serikali ya Marekani za kufadhili utafiti wa kampuni ndogo. SBIR ilianzishwa kisheria 1982, STTR 1992, na Wizara ya Ulinzi ndiyo yenye fungu kubwa kuliko taasisi nyingine zote. Palipo na fungu nene hapakosi vishoka, na hawa wanauza milango ambayo serikali inaifungua bure.

Wanaanzia kwenye usajili. Ukishajisajili SAM.gov, yaani tovuti ya serikali ambako kampuni hujisajili ili kupata mikataba au ruzuku zake, jina la kampuni yako, anwani na tarehe ya usajili kuisha vinaonekana na kila mtu, isipokuwa kama umechagua kufichwa. Ndiyo maana barua pepe na simu huanza kumiminika: "Usajili wako unakaribia kufutwa, lipa leo." Barua ina nembo ya tai, rangi za bendera na jina linalofanana na la idara ya serikali. Usilipe. Kujisajili ni bure na kuhuisha kila mwaka ni bure. Namba ya UEI ya kuitambulisha kampuni, yenye herufi na tarakimu 12, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 2022, ni bure. Namba ya CAGE ya kuwatambua wakandarasi, yenye herufi na tarakimu 5, ni bure, na usajili kwenye SBIR.gov na kwenye DSIP, yaani tovuti ya Wizara ya Ulinzi ya kupokea maandiko ya kuomba fedha hizo, nao ni bure. Angalia anwani ya mtumaji: ya serikali huishia na .gov au .mil.

Wengi wanaangukia mikononi mwa vishoka pale uhakiki wa kampuni ndani ya SAM.gov unapokwama. Mtu anaambiwa "nina mtu ndani, atakusukumia." Hakuna wa kusukuma. Kinachokwamisha karibu kila mara ni jina au anwani kutolingana: cheti cha jimbo kinasema hivi, IRS, idara ya kodi, inasema vile, bili ya umeme inasema kingine. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya mahali kampuni ilipo. Dawa ni kupakia hati inayoonyesha jina la kisheria na anwani pamoja, herufi kwa herufi, kisha kusubiri. Anza wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho ya mada unayoitaka, yaani tatizo la utafiti ambalo wizara imelitangaza. Ukikwama zaidi, FSD.gov, dawati la msaada la SAM.gov, linajibu bure, na ofisi za APEX Accelerators, zinazosaidia kampuni kupata mikataba ya serikali na zilizo katika kila jimbo, zitakaa nawe kwenye fomu bila kudai senti.

Pesa ya kishoka ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni pale anapokuambia umpe nywila ya Login.gov, akaunti unayoingilia SAM.gov, au umweke kuwa msimamizi wa kampuni ndani ya SAM.gov. Akaunti ya benki inayopokea malipo ya serikali imeandikwa humo humo. Mwaka 2018 GSA, idara inayosimamia SAM.gov, ilitangaza kwamba watu wa nje walikuwa wamebadilisha taarifa za benki za kampuni kadhaa kwenye mfumo huo, na kwa muda ikalazimu kila msimamizi kuthibitishwa kwa barua iliyogongwa muhuri wa mthibitishaji. Nafasi ya msimamizi ni ya mwenye kampuni au mwajiriwa wake, basi.

Kundi la pili linauza andiko lenye "ushindi wa uhakika" kwa makato ya asilimia fulani ya mkataba. Hakuna mtu nje ya serikali anayeweza kuahidi ushindi. Wapimaji huangalia ubora wa wazo, uwezo wa timu na nafasi ya kuuza bidhaa baadaye. Mada zote hutangazwa hadharani kwenye DSIP. Kipindi kabla ya mada kufunguliwa rasmi, wewe mwenyewe unaruhusiwa kuwasiliana moja kwa moja na mwandishi wa mada. Ikishafunguliwa, maswali hupita kwenye mfumo tu na majibu husomwa na wote. Anayekuuzia "mazungumzo ya pembeni" wakati huo anakuuzia kosa. Tena, mikataba ya serikali kuu ina kifungu kinachokataza kumlipa mtu wa kati kwa sharti la kupata mkataba, na anayetia saini kwamba hajafanya hivyo ni wewe.

Saini yako ndiyo inayobeba mzigo wote. Vishoka huuza andiko lile lile kwa kampuni tano, wakibadilisha jina tu. Huweka jina la profesa kama mtafiti mkuu bila yeye kujua, au huku ameajiriwa muda wote chuoni, ilhali SBIR inataka zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi uwe kwenye kampuni yako. Huhamisha kazi kwa mkandarasi wa nje wakati kanuni inataka angalau theluthi mbili za kazi ya awamu ya kwanza zifanywe na kampuni yenyewe, na nusu katika awamu ya pili. Andiko la Wizara ya Ulinzi lina hata sehemu ya mafunzo ya kuzuia udanganyifu, kwa hiyo utetezi wa "sikujua" haupo. Sheria ya madai ya uongo inaruhusu serikali kudai mara tatu ya hasara iliyopata.

Kwetu sisi wenye ndugu na mafundi Dar, Nairobi au Bujumbura, kuna shimo jingine. Kazi ya utafiti hufanyika Marekani, na kwa mada zinazobanwa na sheria za usafirishaji wa silaha, kumtumia mtu aliye nje mchoro au msimbo kwa WhatsApp tu kunahesabiwa kuwa usafirishaji. "Mshauri" anayewapa watu wa nje kazi ya kuandika bila kukuambia anaweza kukuponza.

Washauri waaminifu wapo. Hulipwa kwa saa au kwa bei iliyoandikwa, hawagusi nywila zako, na wanakuachia ubonyeze kitufe cha kuwasilisha mwenyewe, maana dirisha hufungwa saa sita mchana saa za Washington na mfumo hausubiri. Vilevile, mkataba wa SBIR huweza kuruhusu hadi dola 6,500 za msaada wa kiufundi na kibiashara katika awamu ya kwanza, na hadi 50,000 katika awamu ya pili. Na ukipigiwa simu kwamba "umechaguliwa, lipa ada ya kufungulia fedha," kata. Anayeifunga serikali kwenye mkataba ni afisa mikataba, na halipishi ada.

Kama tayari umempa mtu nywila: badilisha Login.gov leo, ondoa nafasi yake ndani ya SAM.gov, hakiki namba ya akaunti ya benki tarakimu kwa tarakimu, fungua taarifa FSD.gov, kisha pinga malipo kwenye benki ya kadi yako. Udanganyifu wa usajili uripoti ReportFraud.ftc.gov; unaohusu andiko au mkataba wa Wizara ya Ulinzi, peleka kwa Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo pamoja na barua pepe zote, bila kufuta hata moja.