Waifai, Linux na fundi wa Malindi asiyesoma kilichoandikwa kwenye kioo: uzoefu wangu

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna duka la kutengeneza kompyuta mjini Malindi ambalo jina lake nitalihifadhi, na ndani yake kuna fundi ambaye natamani kila mwenye laptopu ya Linux, yaani inayoendeshwa na mfumo huria wa Linux badala ya Windows, amwepuke. Lakini nina maneno pia kuhusu Linux yenyewe na kuhusu chipu za waifai, kwa sababu ugomvi wangu ulianza na chipu kabla haujafika kwa fundi.

Laptopu yangu niliinunua ikiwa imetumika, na kwa miaka kadhaa imeniwekea hesabu za kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu bila kunidai leseni ya mtu yeyote. Hivi karibuni nilisakinisha mfumo upya na waifai ikatoweka. Haikuwa dhaifu wala haikuwa ikikatikakatika, haikuwapo kabisa. Amri ya rfkill, inayoonyesha kama waifai imezimwa, haikuonyesha kizuizi chochote, na amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine, ilionyesha kwamba kadi ya waifai ipo, inatajwa kwa jina na namba, ila hakuna draiva inayoishughulikia. Anayeyafahamu mambo haya anajua maana yake: kadi ni nzima, kinachokosekana ni programu ya kuiendesha.

Hapo nilikuwa tayari kuilaani Linux mbele ya kila mtu. Nikasita, kwa kuwa kosa haliko kwake. Kampuni iliyounda chipu hii haijafungua msimbo wa draiva yake. Inatoa kipande kilichofungwa, ambacho kila kerneli, yaani kiini cha Linux, inapobadilika lazima kijengwe upya ili kioane nayo. Watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, walipiga kura mwaka 2022, na toleo la 12 lililotoka mwaka 2023 likaja na fimuwea zisizo huria, yaani programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kifaa chenyewe, ndani ya kisakinishi, jambo lililowaondolea wengi adha. Mimi halikunifaa, maana ninachohitaji ni draiva nzima na si fimuwea peke yake. Kampuni inauza chipu duniani kote, kisha inamwachia mtumiaji wa Lamu ahangaike kuiamsha kwa mkono. Hilo linaniudhi hadi leo.

Juu ya hayo kuna ulinzi uitwao Secure Boot, ambao ukiwa umewashwa hukataa draiva yoyote isiyotiwa saini kwa ufunguo ambao mashine inautambua. Dawa yake ipo. Unaiunganisha simu kwa kebo ya USB ili laptopu ipate intaneti kupitia bando la simu, unasakinisha draiva, unaweka nywila ya kutumika mara moja, kisha unaizima mashine. Itakapowaka tena, kabla mfumo haujaanza, kioo kitageuka buluu na kukungoja kama sekunde 10 hivi. Ukibonyeza kitufe, menyu itafunguka. Humo unachagua Enroll MOK, yaani kuusajili ufunguo uliotia saini draiva, na kuandika ile nywila. Ukipitwa, au ukichagua kuendelea bila kusajili, ombi lako linafutwa na unaanza tena.

Nilifanya yote hayo usiku, nikaizima mashine, na alfajiri nikashika boti ya Mokowe na basi la Malindi, kwa sababu nilikuwa nimekata shauri kuitoa kadi hiyo na kuweka nyingine ambayo draiva yake ni huria na imo ndani ya kerneli. Duka lilikuwa limekubali kwa simu. Sikutaka zaidi ya hapo: kifuniko cha chini kifunguliwe, kadi ibadilishwe, nilipe, niondoke.

Fundi hakukifungua kifuniko. Aliiwasha mashine, kioo cha buluu kikatokea, akabonyeza kitufe na menyu ikaja, nami nikamwambia, “Mwanangu, ngoja, chagua hapo Enroll MOK, nywila ninayo.” Hakusoma hata neno moja. Alichagua mstari wa kuendelea, akasema, “Mama, hii ni virusi.” Mfumo ulipofunguka nilifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kumwonyesha mstari wa lspci unaoitaja kadi, nikamweleza kwamba kadi iliyokufa haiwezi kujitaja namna hiyo. Akakishusha kifuniko cha laptopu huku kidole changu kingali kwenye mstari, nikauondoa mkono kwa haraka. Kisha akatangaza, wateja wengine wakisikia, “Kadi imekufa. Na hii Linux ni ya wadukuzi wa Nairobi, nyinyi wa Amu mtaiwezea wapi?” Alichotaka ni kufuta kila kitu, pamoja na hesabu zote za wavuvi zilizomo, na kuniwekea Windows isiyo na leseni. Nilipokataa alinitoza pesa za uchunguzi. Uchunguzi gani, ikiwa bisibisi haikugusa hata msumari mmoja?

Nimetendewa vibaya madukani kabla ya siku hiyo, lakini sijapata kuona fundi anayeogopa kusoma. Kutojua Linux si aibu, mafundi wengi hawaijui, na angesema hivyo ningeondoka nikimheshimu. Aibu ni kumnyamazisha mteja anayekuonyesha jibu.

Niliporudi nyumbani niliirudia kazi ileile kwa kebo ya simu. Amri ya mokutil ya kuomba ufunguo usajiliwe, nywila, kuzima, kuwasha. Kioo cha buluu kilipokuja nilikuwa nimekiinamia, nikausajili ufunguo, na muda mfupi baadaye orodha ya mitandao ya majirani ikajipanga kwenye kona ya kioo, ile ya karibu ikiwa na nguvu na zile za nyuma ya kuta nene za mawe ya matumbawe zikiwa hafifu. Nilifurahi kuliko siku niliyoinunua. Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba simshauri mtu Linux, nami nayaondoa maneno hayo.

Hata hivyo siwezi kumshauri kila mtu. Anayenunua laptopu iliyotumika aiwashe kwanza kwa Linux kutoka kwenye flashi, palepale dukani, aone kama waifai inatokea. Isipotokea, na kama hana simu ya kuiunganishia intaneti wala subira ya kioo cha buluu, aiache. Mimi kadi ile bado nataka kuibadilisha, na nitaipeleka Mombasa. Malindi nitakwenda kwa jambo moja tu: risiti ya uchunguzi ninayo, na pesa zangu nitazidai kwa mwenye duka mwenyewe.